Mgonjwa Wenu Akilazwa ICU: Kazi ya Familia Mbele ya Bakteria Sugu

Ukiketi kwenye benchi nje ya ICU unajiona huna kazi. Mgonjwa yuko ndani na mashine, madaktari wanaingia na kutoka, na wewe umebaki na tasbihi mkononi na simu isiyoacha kulia. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Malindi, na sehemu kubwa ya miaka yangu ya kazi nimeimaliza ndani ya chumba hicho cha wagonjwa mahututi. Naandika kukwambia kwamba kazi unayo, na nyingine ni kazi ambayo sisi tulio ndani hatuwezi kukufanyia.

Nimemwona kijana aliyeletwa na ajali ya bodaboda, mbavu zimevunjika, mapafu yameumia, akaanza kupata nafuu, kisha wiki ya pili akaangushwa na homa. Homa ile ilitokana na bakteria aliyempata akiwa kitandani petu, na dawa tulizozoea kuzitumia hazikumfanya kitu. Mambo kama hayo ndiyo yaliyonifanya niandike hatua hizi. Nawaandikia watu wa Malindi, wa Lamu mliovuka na mgonjwa kwa boti usiku hadi Mokowe ndipo mkapata ambulensi, na wa vijiji vyote vya katikati. ICU iwe ya Kilifi, ya Mombasa au ya kwingineko.

Kwanza mjueni adui

Watu wetu husema, "Mwili wake umezoea dawa." Mwili hauzoei antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Wanaozizoea ni bakteria, na tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu bakteria aliyekwisha kuwa sugu anaweza kutoka kwa mtu aliyemeza dawa ovyo akamwingia mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja.

Bakteria hujijengea ukuta. Dawa za jamii ya penisilini huuharibu ujenzi huo, ikawa kama fundi anapanga mawe ya matumbawe na chokaa haishiki: ukuta unapasuka, bakteria anakufa. Bakteria sugu hutengeneza kimeng'enya cha kuikata dawa kabla haijaufikia ukuta. Wengine huiacha iingie kisha wakaitoa nje, vile baharia anavyofua maji chomboni. Na ujanja huo hupitishiana: kipande kidogo cha DNA hutoka kwa bakteria mmoja kikaenda kwa mwingine, hata kama si wa aina moja. ICU ni mahali pazuri kwao. Wagonjwa wengi wanatumia antibiotiki kwa pamoja, kila mmoja ana mirija iliyoingia mwilini, na mikono ileile inawahudumia wote.

Majina mtakayoyasikia ni Klebsiella, Acinetobacter, Pseudomonas na Staphylococcus aureus. Acinetobacter anaweza kukaa wiki kadhaa juu ya chuma kikavu cha kitanda na bado akawa hai. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilimweka yeye na jamii ya akina Klebsiella, wale walioshindikana kwa dawa kama meropenemu, katika kundi la juu kabisa la bakteria wa kuhofiwa. Makadirio yaliyochapishwa 2022 yanaonyesha kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu.

Hatua ya 1: Mkoba wa dawa

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote. Kabla ya kupika, kabla ya kupigia jamaa wa Nairobi, mtumeni mtu mmoja nyumbani akakusanye kila dawa aliyotumia mgonjwa katika miezi 3 iliyopita. Atafute chini ya mto, kabatini, mifukoni mwa kanzu, ndani ya mkoba wa mkononi. Pakiti tupu nazo azichukue. Sindano aliyodungwa kliniki ya mtaani iandikwe kwenye karatasi: ilikuwa ya nini, lini, mara ngapi.

Sababu ni hii. Mtu aliyetumia antibiotiki fulani ndani ya siku 90 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba bakteria walio sugu kwa dawa hiyohiyo. Na mgonjwa ambaye maambukizi yamemshusha presha anahitaji dawa ndani ya saa moja, wakati majibu ya maabara bado yako mbali. Saa ile daktari anachagua kwa kukisia. Mkoba wenu ndio unaomsaidia asikisie vibaya.

Kuna mzee mmoja mvuvi alichomwa unyayoni na mwiba wa samaki aitwaye taa. Ana ugonjwa wa sukari, kidonda kikachafuka, mwisho akaletwa kwetu hajitambui. Tuliuliza kama alikuwa ametumia antibiotiki, wakasema hapana. Siku ya tatu mjukuu wake, mvulana wa shule, akaja na kikapu kidogo cha ukili. Nilikimimina juu ya meza ya mapokezi: ukanda wa kapsuli za nyekundu na nyeusi, zimebaki nne, siprofloksasini, zimebaki tano, na karatasi ya kliniki iliyokunjwa mara nyingi, imeandikwa seftriaksoni sindano tatu. Nasi siku zote zile tulikuwa tukimpa seftriaksoni. Majibu ya kidonda yalipotoka, Klebsiella aliyekuwamo alikuwa sugu kwa zote. Familia haikusema uongo. Kwao zile zilikuwa kapsuli tu, vitu vya kununua dukani pamoja na sabuni. Sisi ndio tuliouliza vibaya.

Kwa hiyo msifiche dawa iliyonunuliwa bila cheti cha daktari. Hakuna atakayewashitaki. Semeni pia kama mgonjwa alilazwa hospitali yoyote mwaka huu, au kama alitibiwa nje ya nchi.

Hatua ya 2: Msemaji mmoja

Chagueni mtu mmoja wa kuzungumza na madaktari na mwingine wa kumpokea zamu. Wawe na daftari. Ami, shangazi na majirani wapate habari kutoka kwao. Mlango wa ICU ukifunguliwa mara 40 kwa siku kwa ajili ya salamu, mikono inayoingia ni mingi mno.

Hatua ya 3: Mikono

Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha wenzake kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wanawake wanaojifungua, na vifo vya wazazi vikashuka sana. Mpaka leo hatujapata dawa inayozidi hilo kwa kuzuia bakteria wasihame kutoka kitanda kimoja hadi kingine.

Mkifika mlangoni, vueni saa, bangili na pete. Mikono ya buibui au ya kanzu ipandisheni hadi kwenye kiwiko, maana upindo wa nguo ndio unaogusa kitanda hiki, kisha kile. Hina haina neno. Kucha za bandia ndizo mbaya, bakteria hujificha chini yake, na mwenye nazo ni heri abaki nje. Simu iacheni kwa aliye kwenye benchi.

Dawa ya kusugulia mikono, ile ya spiriti, jazeni kiganja, si tone moja. Sugueni viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, ncha za vidole ndani ya kiganja, na dole gumba kwa kulizungusha. Ichukue sekunde 20 hadi 30 na mikono ikauke yenyewe. Msiifute kwa kanga. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mgonjwa akiwa anahara, tumieni maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, kwa sababu kuna bakteria wa kuharisha ambaye mbegu zake haziuawi na spiriti. Nawa kabla ya kumgusa, nawa baada ya kumgusa, nawa hata kama umegusa kitanda chake tu. Na glavu si badala ya kunawa.

Sasa sehemu ngumu. Ukimwona mtu anakwenda kumgusa mgonjwa wako bila kunawa, mwambie. Najua kwetu kumkosoa mkubwa ni kukosa adabu, tena mkubwa mwenye koti jeupe. Lakini unaweza kusema kwa upole, "Daktari, samahani, naomba unawe mikono kwanza." Mimi nimeambiwa hivyo na bibi wa miaka sabini na kitu, nilikuwa nimetoka kitanda cha jirani mbio mbio. Nilimshukuru, na nilimaanisha.

Hatua ya 4: Zamzam, kombe na vya nyumbani

Nimewakuta watu wazima wakilia kwa sababu muuguzi amewanyang'anya chupa ya zamzam. Walitaka kumtilia mzazi wao tone mdomoni tu. Ningependa hospitali ziwaeleze badala ya kuwanyang'anya, basi acha nieleze mimi.

Mgonjwa mwenye mpira wa kupumulia hawezi kumeza. Tone likiwekwa mdomoni linateremka kandokando ya mpira hadi kwenye mapafu. Na maji yoyote yaliyofunguliwa na kukaa, yawe ya bomba, ya kisima, ya chupa au ya kombe lililoandikwa kwa zafarani, yanaweza kubeba Pseudomonas, ambaye hupenda sana unyevu. Kwa mtu mwenye afya kwa kawaida hana madhara. Kwenye mapafu ya mgonjwa wa ICU ni nimonia. Msimpake majimaji hayo kifuani pia, karibu na mirija.

Dua haina kizuizi. Someni Yasin mkiwa nje, au mmoja wenu aingie amsomee sikioni bila kugusa mirija. Zamzam iwekeni nyumbani imngoje, siku atakayoweza kumeza atainywa.

Mto, blanketi na kanga za nyumbani zisiingie bila kuuliza. Maua vivyo hivyo.

Hatua ya 5: Itazameni mirija

Kila mrija ni mlango. Mnapoingia, tazameni bila kugusa:

Kichwa cha kitanda kimeinuliwa? Mgonjwa wa mashine ya kupumulia hulazwa akiwa ameinuliwa kati ya nyuzi 30 na 45, ili vya tumboni visipande vikaingia mapafuni. Kama amelala bapa, ulizeni. Pengine ana jeraha la uti wa mgongo, pengine amesahauliwa baada ya kugeuzwa.

Mfuko wa mkojo uko chini kuliko kibofu, na haugusi sakafu? Nimewahi kuona ndugu, kwa nia njema, ameuinua mfuko akauweka juu ya kitanda ili "usimvute". Mkojo uliokaa humo hurudi kibofuni pamoja na vilivyomea ndani yake.

Plasta ya mrija wa shingoni imeshika pande zote nne? Ikiwa imebanduka, ina damu au imelowa jasho, mwiteni muuguzi saa hiyohiyo. Plasta ya plastiki inayoonyesha ngozi hukaa hadi siku 7 ikiwa safi. Ya kitambaa hubadilishwa kila baada ya siku 2.

Halafu kila siku ulizeni swali hili, kwa heshima: "Sista, mpira wa mkojo bado anauhitaji leo? Na ule wa shingoni?" Mrija uliotolewa hauwezi tena kuingiza bakteria. Mara nyingi mrija hubaki siku mbili tatu zaidi kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Hatua ya 6: Kuotesha

Msikilize neno hili: kuotesha. Maabara huchukua damu, mkojo, makohozi au usaha, wakaviweka mahali pa joto na chakula, bakteria akamea, kisha wakamjaribu kwa dawa moja moja waone ipi inamwua. Wanasayansi wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, pale Kilifi wamekuwa wakiotesha damu ya watoto wanaolazwa hospitali tangu 1998, na kazi hiyo ilifichua maambukizi ya damu ambayo kwa macho yangepita kama homa nyingine tu.

Damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, mradi dawa haicheleweshwi. Kwa mtu mzima kila chupa hutaka mililita 8 hadi 10, na chupa ni zaidi ya moja. Familia hulalamika, "Wanammaliza damu." Hawammalizi. Damu ikiwa kidogo bakteria huweza kukosa kuonekana, na sote tukabaki gizani.

Swali la kwanza: "Daktari, damu imepelekwa kuoteshwa?" Andikeni tarehe na saa. Majibu huanza kupatikana baada ya siku 1 hadi 3. Siku ya tatu ulizeni swali la pili: "Majibu yamesemaje, na dawa itabadilishwa?"

Hapa ndipo familia hukosana na madaktari. Mgonjwa alianza na dawa kubwa, majibu yametoka, daktari anataka kumshusha kwenye dawa ndogo, na jamaa wanaona mtu wao anapunguziwa huduma. Nisikilizeni: dawa inayolenga bakteria aliyeonekana ni bora kuliko dawa inayopiga kila kitu. Dawa kubwa huua bakteria wema wa matumboni na kuwaachia sugu uwanja. Kolistini, ambayo hutolewa nyingine zikishindwa, huweza kuumiza figo. Kwa hiyo msimshinikize daktari kwa "dawa kali". Na akisema dawa inasimamishwa siku ya 7, si kwamba amekata tamaa. Nimonia nyingi zinazopatikana kwenye mashine hutibiwa kwa siku 7.

Hatua ya 7: Mkitumwa kununua dawa

Hutokea stoo ya hospitali imeishiwa. Mkipewa cheti, kisomeni pamoja na aliyekiandika: jina la dawa, gramu, mara ngapi kwa siku, siku ngapi. Fanyeni hesabu palepale. Meropenemu ya gramu 1 kila baada ya saa 8 ni chupa 3 kwa siku, chupa 21 kwa siku 7. Figo zikiwa dhaifu kipimo hupunguzwa, basi nunueni za siku 2 au 3 kwanza.

Kama fedha hazitoshi, semeni sasa, kabla ya dozi ya kwanza. Kuna wakati ipo dawa nyingine inayofaa kwa bei ndogo, na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini huweza kusaidia. Mgonjwa aliyepewa siku mbili, akakosa siku moja, akapewa tena, ndiye anayewafundisha bakteria. Nunueni famasi yenye leseni iliyobandikwa ukutani, tazameni tarehe ya mwisho, na kama dawa ni ya friji isafirishwe na barafu. Joto la tuktuk mchana wa Malindi mnalijua wenyewe.

Hatua ya 8: Mkiambiwa "ana mdudu sugu"

Msimkimbie. Ulizeni jambo moja: anamwuguza, au amembeba tu? Bakteria sugu anaweza kuonekana kwenye makohozi au choo bila kuleta ugonjwa, na hapo hatibiwi kwa antibiotiki. Hilo si kupuuzwa.

Atatengwa, nanyi mtavaa aproni na glavu, mtazivua kabla ya kutoka na mtanawa. Ndugu mwenye kidonda wazi, mwenye kinga dhaifu au mwenye kichanga abaki nyumbani. Na mzunguko wa kuwajulia hali wagonjwa wengine wodini, ile desturi yetu nzuri, safari hii uacheni.

Mungu akimchukua, bakteria huyo hawanyimi haki ya kumwosha maiti wenu. Waoshaji wawe wachache, wavae glavu na aproni, vidonda vyao wenyewe vifunikwe, vidonda na matundu ya mirija ya marehemu yazibwe, maji yasirushwe, na wote wanawe kwa sabuni wakimaliza. Akitokea wa kuwaambia lazima azikwe bila kuoshwa kwa sababu hiyo tu, ombeni kuzungumza na afisa wa kuzuia maambukizi wa hospitali.

Hatua ya 9: Kurudi nyumbani

Bakteria sugu huweza kukaa matumboni mwa mtu miezi kadhaa. Nyumbani, kwa watu wenye afya, hofu ni ndogo: ale na wenzake, abebe wajukuu, aende msikitini. Kunawa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika ndiko kunakotakiwa, na taulo lake liwe lake. Vidonge alivyopewa amalize kwa siku alizoambiwa. Vikibaki, visiwekwe kabatini kumsubiri mwenye kikohozi, virudisheni famasi.

Kabla hamjatoka wodini ombeni karatasi ya majibu ya maabara: jina la bakteria, dawa zilizoshindwa, dawa zilizofaa, tarehe. Ipigeni picha kwenye simu za watu wawili. Kila mara atakapotibiwa, hata kwa jino, karatasi itangulie.

Yule mzee wa taa alipoteza vidole viwili vya mguu akarudi kwake. Mjukuu aliikunja karatasi ndani ya nailoni, akaitia kwenye kikapu kilekile cha ukili pamoja na kitabu cha kliniki ya sukari, akakitundika nyuma ya mlango. Masika yaliyofuata mzee alishikwa na homa usiku. Kijana alipofika naye hospitali, kabla hajaulizwa jina, alikiweka kikapu juu ya meza.